Safari ya Ghafla kwa Pikipiki Kuvuka Mpaka: Mambo ya Kukamilisha Kabla ya Kuondoka Tabora

Taarifa ya msiba, ugonjwa wa ndugu au jambo la kibiashara lisiloweza kusubiri humfikia mwananchi bila kutoa notisi. Kwa mkazi wa Mkoa wa Tabora, taarifa hiyo inaweza kutoka Bujumbura, Kigali, Kampala au Uvira, na mara nyingi chombo kilicho karibu na mkono wake ni pikipiki. Pikipiki haina ratiba ya kuondoka, haihitaji kukatiwa tiketi, na hupita hata pale basi linapokwama. Sababu hizo huwafanya wananchi wengi kuamini kuwa mwenye pikipiki nzima na tangi lililojaa mafuta amekwisha kujiandaa kwa safari.

Hali halisi mpakani ni tofauti. Kisheria, msafiri na pikipiki yake huvuka mpaka kama wasafiri wawili. Msafiri hukaguliwa na Uhamiaji na maofisa wa afya. Pikipiki hukaguliwa na Forodha na, inapobidi, Polisi. Kila mmoja ana hati zake, na hati za mmoja haziwezi kumvusha mwingine. Wengi wanaorudishwa mpakani hawarudishwi kwa sababu ya ubovu wa chombo, bali kwa sababu hati moja, ambayo ingepatikana Tabora, haikutafutwa kabla ya kuondoka.

Makala haya yanaeleza hati hizo, mpangilio wa kuzitafuta wakati muda ni mfupi, na njia mbadala iliyopo endapo mojawapo haitapatikana kwa wakati.

Njia ya zamani, utaratibu wa maandalizi

Safari za kuvuka nchi kutokea Tabora si jambo jipya. Katika karne ya 19, Unyanyembe, eneo ambalo leo ni Tabora na viunga vyake, lilikuwa njia panda ya misafara iliyotoka Bagamoyo kuelekea Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika. Hapo ndipo njia zilipogawanyika: moja kwenda magharibi Ujiji na ng'ambo ya ziwa, nyingine kaskazini Karagwe na Buganda. Njia hiyo kuu ya biashara ya pembe za ndovu na watumwa iliingizwa mwaka 2006 katika orodha ya awali ya maeneo ambayo Tanzania inapendekeza yawe Urithi wa Dunia, ikihusisha Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji.

Misafara hiyo haikuondoka Tabora bila maandalizi. Ilihitaji wapagazi, kirangozi wa kuongoza njia, na bidhaa za kulipia ushuru wa kupita katika himaya za watemi, zikiwamo merikani, kaniki, ushanga na waya wa shaba. Msafara usio na vitu hivyo ulisubiri. David Livingstone, baada ya kuagana na Henry Morton Stanley mwezi Machi 1872, alikaa Kwihara hadi Agosti mwaka huohuo akisubiri watu na vifaa kutoka pwani, ndipo akaendelea na safari yake ya mwisho. Tembe alimokaa limehifadhiwa kama makumbusho.

Reli ya Kati, iliyofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, iliondoa ulazima wa kusafiri kwa miguu. Hata hivyo mahusiano ya watu wa pande zote za njia hiyo yaliendelea. Wilaya ya Kaliua, kwa mfano, ina makazi ya Ulyankulu, yaliyopokea wakimbizi waliotoka Burundi mwaka 1972. Zaidi ya watu 160,000 wa kundi hilo la wakimbizi katika mikoa ya Tabora na Katavi walipewa uraia wa Tanzania. Kwa familia za namna hiyo, kuvuka mpaka kwenda kuzika au kuuguza ni wajibu wa ukoo, na ndiyo maana utaratibu wa kuvuka kwa haraka na kwa halali unapaswa kufahamika kabla simu haijaita.

Hati za msafiri

Hati ya kwanza ni hati ya kusafiria. Mtanzania mwenye pasipoti ya kielektroniki, iliyozinduliwa Januari 2018, anapaswa kuhakikisha kuwa haijaisha muda na kuwa ina kurasa zilizo wazi.

Asiye na pasipoti anaweza kuomba Hati ya Dharura ya Safari katika Ofisi ya Uhamiaji ya Mkoa. Hati hii imekusudiwa kwa safari za aina hiihii, yaani safari za muda mfupi katika nchi jirani ambazo haziwezi kusubiri pasipoti. Maombi hujazwa kwa njia ya mtandao kupitia tovuti ya Idara ya Uhamiaji, na malipo hufanyika kwa namba ya malipo inayotolewa na mfumo. Mwombaji huandaa Kitambulisho cha Taifa au namba yake, cheti cha kuzaliwa, uthibitisho wa uraia wa mzazi na picha za pasipoti. Aliyepewa uraia kwa tajinisi huambatanisha cheti chake cha uraia. Kwa safari ya msiba au ugonjwa, barua ya Serikali ya Mtaa au Kijiji inayoeleza sababu ya safari humsaidia ofisa kuelewa uharaka wa ombi.

Kinachochelewesha maombi mengi ni viambatisho. Mwananchi ambaye cheti chake cha kuzaliwa kimepotea, au ambaye majina yake katika cheti na katika Kitambulisho cha Taifa yanatofautiana, hulazimika kuanzia RITA au NIDA kabla ya kurudi Uhamiaji. Kazi hiyo ifanyike wakati hakuna dharura.

Ni muhimu kutambua kuwa Kitambulisho cha Taifa peke yake si hati ya kutegemea. Kenya, Uganda na Rwanda zilikubaliana kuanzia mwaka 2014 raia wao kuvuka mipaka ya nchi hizo kwa vitambulisho vya taifa, lakini makubaliano hayo hayakuihusisha Tanzania. Mtanzania abebe pasipoti au Hati ya Dharura ya Safari, na ahakikishe imegongwa muhuri wakati wa kutoka na wakati wa kuingia. Raia wa nchi wanachama wanaosafiri chini ya Itifaki ya Soko la Pamoja la Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika Julai 1, 2010, hupewa ruhusa ya kuingia isiyozidi miezi sita bila ada. Kukosa muhuri hugeuza haki hiyo kuwa kosa.

Kwa mkimbizi ambaye hajapewa uraia, utaratibu ni mwingine. Hasafiri kwa hati ya Mtanzania, na kutoka katika makazi au kambi kunahitaji kibali. Aanze kwa Mkuu wa Makazi na Idara ya Huduma kwa Wakimbizi iliyo chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi.

Hati za pikipiki

Pikipiki inayovuka mpaka huambatana na hati zifuatazo:

- Kadi halisi ya usajili wa chombo iliyotolewa na Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA), yenye namba ya fremu na namba ya injini zinazolingana na zilizo kwenye chombo.
- Leseni ya udereva hai yenye daraja la pikipiki. Leseni ya gari pekee haimruhusu mtu kuendesha pikipiki.
- Bima hai ya ndani, pamoja na Kadi ya Njano ya COMESA, inayoelezwa katika sehemu inayofuata.
- Barua ya idhini ya mmiliki, endapo anayesafiri siye anayetajwa katika kadi ya usajili.
- Kibali cha muda cha kuingiza chombo, kinachotolewa na Forodha ya nchi inayoingiwa.

Barua ya idhini ndiyo inayosahaulika zaidi. Waendesha bodaboda wengi hutumia pikipiki za mkataba, ambazo hubaki kwa jina la tajiri au la taasisi iliyokopesha mpaka malipo yatakapokamilika. Mbele ya ofisa wa Forodha wa nchi nyingine, pikipiki yenye jina la mtu asiyekuwapo na asiyeandika chochote haina tofauti na pikipiki iliyoibwa. Barua hiyo itaje majina kamili ya mmiliki na ya msafiri, namba za vitambulisho vyao, namba ya usajili, fremu na injini, nchi inayokwendwa, na tarehe za kwenda na kurudi. Isainiwe mbele ya wakili au hakimu na kuambatanishwa nakala ya kitambulisho cha mmiliki.

Pikipiki ya mkopo ina jambo la ziada. Mikataba mingi ya aina hiyo, na bima zinazoambatana nayo, huweka mipaka ya eneo la matumizi. Kuivusha mpaka bila ridhaa ya mkopeshaji kunaweza kuvunja mkataba, na hasara ikitokea huko mwendeshaji hubaki na deni bila chombo.

Mwenye leseni ya usafirishaji ya bodaboda azingatie pia kuwa leseni hiyo hutolewa kwa eneo maalumu. Haimpi ruhusa ya kubeba abiria wa kulipa katika nchi nyingine, hata kwa umbali mfupi kutoka mpakani.

Kibali cha muda nacho kina sharti moja kuu: chombo kirudi. Pikipiki iliyoingia kwa kibali hairuhusiwi kuuzwa, kutolewa zawadi wala kuachwa kwa ndugu. Wakati wa kurudi, kibali kifungwe mpakani na msafiri abaki na uthibitisho. Kibali kisichofungwa huonesha kuwa chombo bado kiko nchini humo, na ushuru wake huweza kudaiwa.

Kadi mbili za njano zisizofanana

Wasafiri wengi huambiwa "beba kadi ya njano" na kufika mpakani na isiyo sahihi. Zipo mbili, na kila moja ina kazi yake.

Ya kwanza ni Kadi ya Njano ya COMESA, ambayo ni ya chombo. Ni bima inayolipa madhara ambayo pikipiki imewasababishia watu wengine katika nchi zilizomo katika mpango huo. Tanzania si mwanachama wa COMESA tangu ilipojitoa mwaka 2000, lakini imeendelea kushiriki katika mpango huu wa bima, sambamba na nchi kama Burundi, Rwanda, Uganda, Kenya, Zambia, Malawi na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Msumbiji haimo katika mpango huo. Kadi hutolewa na kampuni ya bima ya hapa nchini kwa mtu ambaye tayari ana bima hai ya chombo chake, na nchi zinazohusika huoneshwa kwenye kadi yenyewe. Msafiri asome kama nchi anayokwenda, na kila nchi atakayopita, imo. Uhalali wa bima uhakikiwe kupitia mfumo wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima (TIRA).

Kadi hiyo haimlipii mwendeshaji matibabu yake mwenyewe wala matengenezo ya pikipiki yake kama bima yake ni ya mtu wa tatu. Mwenye uwezo akate bima ya ajali binafsi au ya safari. Asiye nayo aondoke na akiba ya fedha ya matibabu.

Ya pili ni cheti cha kimataifa cha chanjo, ambacho ni cha msafiri. Uganda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo huwataka wageni wawe na cheti cha chanjo ya homa ya manjano, na maofisa wa afya katika mipaka mingine ya ukanda huu wanaweza kukiomba kulingana na hali ya magonjwa. Chini ya Kanuni za Afya za Kimataifa, cheti huanza kuhesabiwa kuwa halali siku 10 baada ya kuchanjwa. Tangu Julai 2016, chanjo hiyo ikishatolewa cheti chake ni halali kwa maisha yote.

Siku hizo 10 haziwezi kupunguzwa na ofisa yeyote. Cheti kilichoandikwa tarehe ya nyuma ni cheti cha kughushi, na humweka msafiri katika hatari ya ugonjwa na ya mashtaka. Mkazi wa Tabora mwenye ndugu ng'ambo ya mpaka hupata faida kubwa kwa kuchanjwa mapema katika kituo kilichoidhinishwa, kwa kuwa kazi hiyo hufanywa mara moja tu maishani.

Kuchagua mpaka

Kutoka Tabora, msafiri wa pikipiki ana njia kuu mbili.

Njia ya magharibi hufuata uelekeo wa misafara ya zamani na wa reli: Tabora, Urambo, Kaliua, Uvinza hadi Kigoma, ikivuka Mto Malagarasi kwenye Daraja la Kikwete. Ni zaidi ya kilomita 400. Kutoka Kigoma, mpaka wa Manyovu ulioko Wilaya ya Buhigwe uko umbali wa takribani kilomita 60, na ng'ambo yake ni Mugina, nchini Burundi.

Njia ya kaskazini hupita Nzega, Kahama na Nyakanazi hadi Wilaya ya Ngara, yenye vituo vya Kabanga, kinachopakana na Kobero ya Burundi, na Rusumo, kinachopakana na Rwanda kwenye Mto Kagera. Anayekwenda Uganda huendelea kaskazini mpaka Mutukula, Wilaya ya Missenyi. Rusumo, Kabanga na Mutukula ni vituo vya huduma za pamoja, ambako maofisa wa nchi mbili hufanya kazi mahali pamoja na msafiri husimama mara moja.

Mambo matatu yazingatiwe kabla ya kuchagua. Kwanza, Burundi ilifunga mipaka yake ya nchi kavu na Rwanda Januari 2024. Anayekwenda Kigali asipange kupitia Bujumbura, wala anayekwenda Bujumbura asipange kupitia Kigali, kabla ya kuthibitisha hali ilivyo siku ya safari. Pili, hali ya usalama mashariki mwa Kongo hubadilika haraka. Anayelazimika kwenda Uvira au maeneo ya jirani apate kwanza taarifa kutoka ubalozi mdogo wa nchi hiyo ulioko Kigoma. Tatu, milipuko ya magonjwa hubadilisha utaratibu wa mipaka kwa siku chache. Mkoa wa Kagera ulipopata ugonjwa wa Marburg mwaka 2023 na tena mwaka 2025, ukaguzi wa afya katika mipaka ya jirani uliimarishwa.

Saa za kazi za kila kituo ziulizwe kabla ya kuondoka. Anayefika baada ya kufungwa asivuke kwa njia ya panya. Asiyepigwa muhuri wa kuingia hana namna ya kuthibitisha uhalali wake akipata ajali, akiibiwa au akitaka kurudi.

Kushoto na kulia

Tanzania, Uganda, Kenya na Zambia hutumia upande wa kushoto wa barabara. Burundi, Rwanda na Kongo hutumia upande wa kulia. Mabadiliko haya hutokea mpakani, ndani ya mita chache.

Hatari haiko zaidi mpakani penyewe, ambako kuna alama na msafiri yuko makini. Iko asubuhi ya siku ya pili, barabara ikiwa tupu, au wakati wa kutoka kituo cha mafuta, ambapo mazoea humrudisha mtu kushoto bila kujua. Njia rahisi ni kufunga kitambaa cha rangi kwenye mkono wa kulia wa usukani kama kumbukumbu, na kutoyapita magari mengine katika siku ya kwanza. Katika mizunguko ya barabara, mwelekeo nao hugeuka.

Msafiri anayekwenda Bujumbura ajue pia kuwa mwezi Machi 2022 mamlaka za Burundi zilizuia bodaboda, bajaji na baiskeli kuingia katikati ya jiji. Aulize maofisa wa mpakani juu ya maeneo ambayo pikipiki ya mgeni inaruhusiwa kufika.

Chombo, mafuta na mzigo

Ukaguzi wa pikipiki ufanywe na fundi siku moja kabla, si saa ya kuondoka, ili kasoro itakayoonekana ipate muda wa kurekebishwa. Vya kukaguliwa ni tairi na shinikizo la upepo, breki za mbele na nyuma, cheni na meno yake, oili ya injini, taa zote, honi, na waya za klachi na mafuta. Vya kubebwa ni tyubu moja, vifaa vya kuziba pancha na pampu, plagi, waya wa klachi, balbu na spana zinazoendana na pikipiki hiyo. Faini za barabarani zinazodaiwa kwa namba ya chombo zilipwe kabla ya safari.

Mafuta yanahitaji hesabu. Pikipiki nyingi za CC 125 hadi 150 huenda kati ya kilomita 35 na 45 kwa lita moja, na hupungua zikibeba abiria na mzigo. Msafiri ajue tangi lake linamfikisha wapi, kwa kuwa Burundi imekuwa na vipindi virefu vya uhaba wa mafuta tangu mwaka 2021. Ajaze kituo cha mwisho upande wa Tanzania. Kubeba petroli katika madumu juu ya pikipiki si suluhisho: ni hatari ya moto, na mpakani huweza kuhesabiwa kuwa magendo.

Mpagazi wa karne ya 19 alibeba mzigo wa takribani kilo 30, na viongozi wa misafara walipima mizigo kabla ya kuondoka kwa kuwa mmoja aliyezidiwa aliwachelewesha wote. Kwa pikipiki kanuni ni hiyohiyo. Mzigo uwe mdogo, ufungwe chini na katikati, usizibe taa wala namba ya usajili. Abiria asizidi mmoja, na wote wawili wavae kofia ngumu zilizofungwa kidevuni.

Mikoa ya Tabora na Kigoma hupata mvua za msimu kati ya Novemba na Aprili. Katika kipindi hicho utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania utazamwe kila siku, na vivuko vilivyofunikwa na maji visijaribiwe. Katika misitu ya miombo ya Urambo na Kaliua kuna mbung'o, ambao huvutwa na vitu vinavyotembea na rangi za bluu na nyeusi; nguo ndefu za rangi isiyokolea hupunguza kuumwa. Safari ifanyike mchana, na msafiri apumzike kila baada ya saa mbili hivi. Aliyepokea taarifa ya msiba usiku na hakulala asiondoke alfajiri bila kupumzika. Uchovu na majonzi humwondolea dereva umakini kama ulevi unavyofanya.

Ada halali na hongo

Neno hongo lilikuwa na maana tofauti katika zama za misafara. Lilimaanisha ushuru uliofahamika, uliolipwa kwa mtemi ili msafara upite kwa amani katika nchi yake. Leo neno hilohilo ni jina la kosa chini ya Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007.

Msafiri mwenye haraka ndiye anayelengwa zaidi na vishoka wanaozunguka ofisi na mipaka wakiahidi kumvusha bila foleni. Kila ada halali ya Serikali hapa nchini hulipwa kwa namba ya malipo na hutolewa stakabadhi. Ada isiyo na stakabadhi isilipwe, na hati zisikabidhiwe kwa mtu asiye mtumishi wa kituo. Taarifa za rushwa hupokelewa bila malipo na TAKUKURU kwa namba 113. Fedha zibadilishwe katika maduka au benki zenye leseni, na anayebeba fedha taslimu zinazofikia thamani ya dola za Marekani 10,000 anapaswa kuzitolea taarifa Forodha.

Mpangilio kulingana na muda uliobaki

*Siku 10 au zaidi.* Siku ya kwanza ni ya chanjo, kwa sababu ndiyo pekee yenye muda usiobadilika. Siku hiyohiyo maombi ya hati ya kusafiria yaanze. Mengine yote yanaweza kukamilishwa katika siku zinazobaki.

*Siku tatu hadi tano.* Anza na Hati ya Dharura ya Safari na barua ya mmiliki kwa wakati mmoja, kisha Kadi ya Njano ya COMESA, kisha fundi. Kama nchi inayokwendwa inataka cheti cha chanjo na hakipo, ushauri wa ofisa wa afya wa mpakani utafutwe kwa simu kabla ya kuondoka.

*Siku moja.* Hakiki hati ya kusafiria tu. Kama ipo na ni hai, msafiri anaweza kwenda. Kama hati za pikipiki hazijakamilika, pikipiki isivuke.

Endapo hati za pikipiki hazikukamilika

Hapa ndipo kanuni ya wasafiri wawili inapomsaidia mwananchi. Kukosa hati ya chombo hakumzuii mwenye pasipoti au Hati ya Dharura ya Safari kufika msibani. Anaweza kwenda kwa pikipiki hadi Kigoma, Kasulu au Ngara, akaiacha kwa ndugu au mahali penye ulinzi na kuchukua stakabadhi, kisha akavuka kwa usafiri wa umma. Anaweza pia kuiacha Tabora na kutumia basi au treni ya Reli ya Kati hadi Kigoma. Njia hiyo humchelewesha saa chache. Kulazimisha pikipiki isiyo na hati kunaweza kumpotezea siku kadhaa kituoni, na wakati mwingine chombo chenyewe.

Kabla ya kuondoka, nakala za hati zote ziachwe nyumbani na nyingine zihifadhiwe kwenye simu. Mtu mmoja wa familia ajue njia itakayotumika, mpaka utakaovukwa na siku ya kurudi. Anayepata matatizo akiwa nje awasiliane na Ubalozi wa Tanzania katika nchi husika. Akiwa bado ndani ya nchi, Polisi hupatikana kwa namba 112 na Jeshi la Zimamoto na Uokoaji kwa namba 114.

Ada na masharti ya mipaka hubadilika. Wananchi wanashauriwa kuyahakiki katika Ofisi ya Uhamiaji ya Mkoa, ofisi za TRA na kampuni zao za bima kabla ya kila safari.